Bi Narudi na Redio Iliyokoroma

Ijumaa hii, tarehe 30, saa kumi jioni, fundi wetu mkuu wa redio atakabidhi funguo za kabati lake baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika karakana hii. Mkuu wa karakana amenipa ukurasa mmoja wa programu niandike wasifu wake. Nimeuandika nikiwa nimesimama, kwa sababu wiki hii hapa hakukaliki.

Jina lake la kwenye faili mnalijua. Sisi wa meza za nyuma tunamwita Bi Narudi. Hakuna aliyewahi kumwona akivuka mlango huu bila kusema "Narudi!", awe anakwenda stoo, benki au kujifungua. Ni kiguu na njia hasa. Chai anainywa akitembea. Kiti alichonunuliwa miaka kumi na miwili iliyopita bado kina nailoni ya dukani, na mwaka jana mkaguzi wa mali alikiandika kuwa hakijatumika, kisha akauliza mwenye kiti yuko wapi. Alikuwa juu ya paa anafunga antena.

Alianza kazi stoo, akipanga valvu za redio, zile taa za kioo za ndani, kwenye maboksi ya pamba. Mwaka wa tatu alipewa meza, mwaka wa tisa akawa fundi mkuu. Mafuriko yalipokata simu zote, ni yeye aliyeziweka redio za zahanati hewani kwa siku kumi na moja, akihama kutoka zahanati moja hadi nyingine na begi lake la vifaa kichwani. Amefundisha mafundi kumi na tisa. Mimi ni wa kumi na nne, niliyeunguza transfoma wiki yangu ya kwanza. Alichoniambia ni nifungue dirisha.

Pia ndiye aliyetuletea utaratibu wa karatasi. Kila chombo kinachotengenezwa hapa hubandikwa karatasi ndogo ndani: tarehe, kilichobadilishwa, sahihi ya fundi. Anayekifungua tena sharti aisome kabla ya kushika bisibisi. Kwa kosa la kutoisoma ametugombeza wote, mkuu wa karakana akiwamo.

Sasa nieleze kwa nini hakukaliki. Jumatatu rafu yake ilikuwa tupu, imefutwa vumbi, na alikuwa ameapa kuiacha hivyo. Saa nne ikaletwa redio ya masafa mafupi ya mkunga mstaafu anayekaa nyuma ya ukuta wetu, yule aliyewapokea watoto wote wawili wa Bi Narudi. Mama huyo macho yamemwishia, na redio ndiyo dirisha lake. Ujumbe wake ulikuwa kwamba watangazaji wa siku hizi wanasoma habari na chakula mdomoni, na kama ndivyo dunia ilivyokuwa, basi aambiwe aache kusikiliza.

Bi Narudi alicheka, akaiwasha, akaacha kucheka. Ikiwa baridi, redio ilisema vizuri dakika tano. Ikipata joto, ilianza kukoroma na kutafuna maneno. Akajaribu stesheni zote, akakuta ugonjwa ni uleule. Akapunguza sauti, ikakoroma taratibu. Akaunganisha spika nyingine, nayo ikakoroma. Akabadilisha valvu ya mwisho, akasafisha swichi, akapima, na hapo akakuta mguu mmoja wa valvu una umeme usiotakiwa kuwapo. Kuna kitu kilikuwa kinavuja.

Jumanne na Jumatano alikisaka kitu hicho huku sisi tukiwa roho juu. Alizunguka meza, akatoka, akarudi, akatuhamisha viti. Alikagua kila kipande isipokuwa kapasita moja, kijidude cha kuzuia umeme usipite. Hiyo kila alipoiangalia aliutambua mkono wake katika lehemu, nukta ndogo safi, akasema hii ni yangu, akapita. Wahenga walisema mganga hajigangi. Jumatano jioni alinong'ona kwamba huenda ataondoka akimwacha mama wa watu bila dirisha, na sauti yake ilinitisha kuliko ya redio.

Alhamisi asubuhi nilishika kijitochi nikasoma karatasi iliyobandikwa chini ya kava. Yeye hakuwa ameisoma. Aliona mwandiko ni wake, akadhani anakumbuka. Niliisoma kwa sauti: "Kapasita ya muda, uwezo mdogo, stoo hamna. Narudi." Tarehe ilikuwa ya miaka ishirini na sita iliyopita, siku moja kabla ya kuzaliwa kitindamimba wake. Uchungu ulimshika sebuleni kwa mkunga akiwa na solda mkononi. Mkunga akaiacha redio akampokea mtoto, na ile "ya muda" ikafanya kazi robo karne ikimngojea mwenyewe.

Bi Narudi akavuta kile kiti, akakaa. Karakana nzima ilisikia nailoni ikilia. Kisha akainuka, akabadilisha kapasita kwa dakika kumi, na redio ikasema maneno mazima saa nzima bila kukoroma. Aliipeleka mwenyewe. Mkunga alisikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, akasema, "Kumbe walikuwa hawali, mwanangu. Ila na wewe umechelewa."

Karatasi mpya ina tarehe, jina la kifaa na sahihi. Neno lake halimo. Nilimuuliza kama amelisahau, akasema hakulisahau. Tangu hapo sijatulia.

Bi Narudi, ahsante kwa miaka yako, kwa kelele zako na kwa lile dirisha uliloniambia nilifungue. Tunakutakia afya njema, wajukuu watundu, na mapumziko ambayo tunajua hutayaweza. Rafu yako ni tupu kama ulivyoapa. Lakini Ijumaa ukifika mlangoni, tafadhali liseme lile neno, hata kwa uongo. Kiti chako tumekiacha palepale, na nailoni tumeitoa.