Wivu wa Mama Kyabu na Koo la Papa Monga

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele nyumbani, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Kyabu, mkulima wa mahindi, mwanaparokia, jirani yetu wa kijiji kile cha karibu na kambi ya jeshi, Base ya Kamina. Alitutoka wiki iliyopita. Na Mama Kyabu alikuwa na wivu. Nasema hivyo mbele ya watu wote, na familia imeniruhusu. Binti yake, Shekina, aliniambia: "Kama hausemi ile ya wivu, basi hauko nasema juu ya mama yetu."

Wivu wake haukuwa wa kujificha. Mwanamke mwingine akimsalimu mume wa Mama Kyabu, Papa Monga, baada ya misa, salamu ile aliijibu Mama Kyabu. Papa Monga akivaa shati lililopigwa pasi siku ya kazi, aliulizwa. Mimi nilikuwa nacheka sana. Halafu nikifika kwangu, kicheko kinaisha. Mume wangu namwekea chakula, macho yake yako kwenye simu. Hata ningempikia jiwe asingejua. Kwa hiyo nawaambia ukweli, nilimwonea wivu mwanamke yule mwenye wivu.

Sasa sikilizeni mambo yalivyoanza. Asubuhi moja Papa Monga aliamka mdomo umepinda kidogo. Kufika mchana ukanyooka. Akasema ni uchovu wa shamba, na maneno yakaishia hapo. Lakini kuanzia siku ile, bukari, ule ugali wetu, ilianza kurudi jikoni. Inakwenda na mboga ya sombe, inarudi vilevile. Na ninyi mnajua kwetu sahani ikirudi imejaa maana yake nini. Mwanaume asiyekula kwa mkewe anakula mahali pengine. Hakuna anayeuliza kuhusu koo. Watu wanauliza huyo mwanamke anakaa wapi.

Mama Kyabu naye aliuliza hivyo hivyo. Shekina anayakumbuka maneno: "Minyi napika, weye unaangalia tu. Bukari yangu ilikukosea nini? Unakulaka kwa nani?"

Papa Monga akajibu: "Nilisha kula."

Jamani! Katika maneno yote ya duniani, akachagua hilo. Aliona haya kusema kwamba bukari inamkwama, kwamba maji yanampalia mpaka yanatokea puani. Mwanaume mzima akohoe hivyo mbele ya mkewe na wakwe? Afadhali aitwe mzinzi. Wanaume, Mungu awasamehe.

Basi Mama Kyabu akamfuata. Alimfuata hadi kwenye geti la Base, na alichokuwa anakitafuta akakikuta. Papa Monga ameketi kwenye benchi la Mama Émerence, mke wa askari, mtu wa mkoa wa Équateur, anayeuza uji wa bouillie pale getini. Papa Monga ameinamisha kidevu, ana kijiko mkononi. Na Mama Émerence anamwambia kwa upole: "Meza, papa. Meza tena. Sasa pumua."

Mama Kyabu alipiga kelele mpaka askari wa zamu akaja. "Unalisha bwana ya mwenzako sawa mutoto! Weye hauna wako?"

Mama Émerence hakusimama hata. "Niko na wangu, mama. Huyu wako iko mugonjwa. Baba yangu alikuwaka vile, mpaka byakula ikaingia mu mapafu, akakufa. Sikia sauti yake akiisha kunywa. Mupeleke ku hôpital."

Mama Kyabu alirudi nyumbani na mumewe, na usiku hakulala. Shekina anasema mama yake alilia kwa hasira. "Ile bibi aliona," alikuwa anasema. "Minyi mwenyewe nalala na yeye, na sikuona." Hilo ndilo lililomchoma. Mwanamke mwingine alimwona mumewe kuliko yeye.

Hospitalini walimkuta muuguzi Nathalie, msichana mzuri, bahati mbaya. Nathalie alimkalisha Papa Monga wima. Akampa maji kijiko kimoja, akamwambia aseme "aaa". Kijiko kingine, "aaa" tena. Mara sauti ikawa na majimaji, kikohozi kikafuata, na Nathalie akasimamisha kipimo hapo hapo. Narudia, wasikilizaji wapendwa: kijiko cha maji, kisha unasikiliza sauti. Ndivyo walivyoanza kumpima, bila sindano. Daktari akaeleza kwamba ule mdomo uliopinda ulikuwa kiharusi kidogo, na ndicho kilicholegeza koo.

Sasa, wakati wa kupima, Nathalie aliweka vidole viwili kwenye koo la Papa Monga, asikie linavyopanda akimeza. Mama Kyabu akasimama. "Mademoiselle, minyi pia niko na bidole!"

Nathalie akacheka, akamfundisha. Na tangu siku ile vidole vilikuwa vya Mama Kyabu peke yake. Bukari akaipika laini. Samaki akaondoa miiba, akaponda. Papa Monga akala ameketi wima, kidevu chini kama alivyoelekezwa, bila mazungumzo, na baada ya kula hakuruhusiwa kulala. Kwenye sherehe Mama Kyabu alikuja na sufuria yake. Watu wakacheka kuona mkono shingoni mwa mzee. Wanawake waliokuwa wanacheka, waume zao hawakuwa wanawaangalia, nawajua.

Lakini bouillie ya Mama Émerence ilimkosesha Mama Kyabu raha, maana Papa Monga alikuwa bado anaitamani. Mama Kyabu akajifunga kitambaa mpaka machoni, akaenda kuinunua kama mgeni, akaionja mpaka akapata siri: karanga zilizosagwa laini kabisa. Akapika hiyo hiyo, akasema ni yake. Papa Monga ananiambia: "Nilijua. Nilinyamaza tu."

Mwaka huu moyo wa Mama Kyabu ulichoka. Hakuogopa kufa. Aliogopa kijiko: nani atamlisha Monga bila haraka? Shekina anafundisha shule huko mji wa Kabongo, na baba hakukubali kuhama. Siku chache kabla ya mwisho, Mama Kyabu alimwita Mama Émerence. Yeye mwenyewe alishika mkono wa mwanamke yule, akauweka kwenye koo la mumewe. "Weka hapa. Hapana, chini kidogo. Inapanda? Sasa umupe ingine."

Kisha akamgeukia mumewe. "Kula kwake, ushibe. Lakini usimwambie ni bitamu."

Kwa Papa Monga, kwa Shekina na wajukuu, redio hii inalia pamoja nanyi. Poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: tunawaangalia watu wetu wakiwa mezani? Mtu anakohoa kila akinywa, sauti inabadilika, sahani inarudi: kabla ya kutafuta mwanamke, tafuteni muuguzi.

Jana nilipita kwao. Mama Émerence alikuwa ameleta chakula, akamuuliza Papa Monga kama ni kizuri. Mzee alimaliza sahani yote, akatazama upande wa mlango, akasema: "Inapita tu."