Marehemu Tusekile Mwalwisi na Bei ya Kwacha ya Kila Siku

Baba Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Mwanjelwa, na ninyi mliosafiri tangu jana kutoka Iringa na Ruaha Mbuyuni, familia imemteua Isaka, mdogo wa marehemu, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, awasomee historia hii, naye anaomba mumvumilie, kwa sababu ameiandika mwenyewe.

Marehemu Tusekile Asukile Mwalwisi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1962 katika kijiji cha Masoko, wilayani Rungwe, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Asukile, akasoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha sekondari mjini Iringa hadi 1980, na baada ya mafunzo ya ukarani akaajiriwa, Februari 1982, na kampuni moja ya malori hapa Mbeya. Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa mjini Iringa na Bwana Paulo Kalinga, wakajaliwa mabinti wawili, Bertha na Violet, na wajukuu watano.

Jumatatu, tarehe 3 Machi 1986, bosi wake alimwagiza aandike kila asubuhi kwacha moja ya Zambia inabadilishwa kwa shilingi ngapi, ili madereva wasipunjwe posho, na hapo, ndugu waombolezaji, ndipo ilipoanza kazi ambayo sisi hatujapata kuiona kwa binadamu mwingine. Marehemu hakuamini mdomo mmoja, aliuliza watu watatu wa mpakani Tunduma, kila mmoja kwa wakati wake, akaandika bei iliyoangukia katikati, na pembeni yake majina ya wote watatu. Kampuni ilifungwa mwaka 1999, bosi akahama, posho zikaisha, yeye akafungua duka la vitenge Mwanjelwa na akaendelea kuandika. Aliandika siku aliyomzaa Violet, aliandika siku tuliyomzika mama, na Januari 2013, Zambia ilipofuta sifuri tatu kwenye kwacha yake na sokoni kila mtu akashika kichwa, yeye alipiga mstari mmoja wa wino mwekundu, akaendelea chini yake.

Shemeji Paulo alizoea kumtania kwamba ameoa wake wawili, Tusekile na kwacha, lakini ndiye aliyekuwa akimnunulia madaftari, nayo tuliyapanga juzi pale sebuleni, thelathini na tisa, na lo, tulipohesabu zilikuwa siku zaidi ya elfu kumi na nne, na hakuna hata moja iliyorukwa. Alipoulizwa anamwandikia nani, alijibu kwamba siku isiyoandikwa, kesho yake kila mtu ataisimulia anavyotaka. Wafanyabiashara wakigombana walikuja dukani, naye aliwasomea bei ya siku hiyo, kisha yale majina matatu, na ugomvi ukaishia hapohapo.

Sasa Isaka anafika mahali pagumu. Mwaka 2015 alikuwa na ubia wa vitunguu na Bwana Othmani wa Iringa, ambaye ndiye aliyetoa mtaji, wakanunua mzigo Ruaha Mbuyuni, Isaka akaupeleka Tunduma, akalipwa kwacha, akazibadilisha Ijumaa, tarehe 27 Novemba. Mwezi ule kwacha ilianguka ikainuka, hata wabadilisha fedha wenyewe hawakukumbuka bei ya juzi, na Isaka akaona mwanya, akamwambia mwenzake kwamba siku ile kwacha moja ilikwenda kwa shilingi mia moja hamsini na tano, kilichozidi akakitia mfukoni. Othmani akalipeleka shauri kwa wazee wa soko, wazee wakamwita marehemu na daftari lake.

Alisoma mia mbili na tano. Jamani, Isaka alijua amekwisha, kwa sababu asubuhi ya Ijumaa ile dada yake alimpigia simu huko Tunduma, kama alivyozoea kila Isaka alipokuwa mpakani, naye bila kufikiri akamtajia bei ya kweli, kwa hiyo jina lake mwenyewe lilikuwa pale kwenye ukurasa. Wazee walisubiri majina. Marehemu alimtazama mdogo wake, akafunga daftari, akasema amemaliza kusoma. Namba hakuibadilisha kwa ajili ya damu yake, na damu yake hakuianika. Basi Isaka akapata ujasiri wa mwoga, akatamka mbele ya watu kwamba dada yake hutunga namba kichwani, wazee, kwa kuwa hawakusomewa majina, wakamwamini, Othmani akaondoka mikono mitupu, na tangu siku ile hakuna aliyekuja tena dukani kuuliza bei. Marehemu hakumsema Isaka kwa mtu yeyote, hata kwa mumewe, na kesho yake saa mbili asubuhi, Isaka akiwa amerudi Tunduma, alimpigia simu kama kawaida, akamsalimu, akamuuliza kwacha imeamkaje.

Mwaka 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, hadi Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa tano asubuhi, alipofariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, bei ya siku hiyo ikiwa imeshaandikwa kwa mkono wa Violet.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala nasi, akina mama wenye maduka ya vitenge, na madereva walioegesha malori yao waje kumsindikiza, asanteni sana, ndaga fijo. Inamshukuru kwa namna ya pekee Bwana Othmani, ambaye amekuja bila kualikwa na tangu asubuhi amekaa pale nyuma. Othmani, ndugu yangu, ile Ijumaa kwacha ilikuwa mia mbili na tano, jina la kwanza pembeni ni Isaka Mwalwisi, daftari liko hapa mezani, wazee wa soko walisome, na haki yako utaipata.

Dada, hukukosea. Pumzika kwa amani.