Bi Ozella Gatewood na Mlango wa Stesheni ya Zamani

Ijumaa ya tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bi Ozella Gatewood atavua aproni yake katika jiko la Stesheni ya Zamani hapa Harlow Bluff na kuitwa mstaafu. Mimi niliyeombwa kuandika haya ni Lonnie Treadaway, dereva wa gari linalowapelekea chakula wazee wasioweza kutoka nyumbani. Nimekula mapishi yake karibu kila siku ya kazi, na daktari wangu analijua hilo.

Wageni wanaofika mjini kwetu huonyeshwa mahakama yenye saa isiyoelewana na saa nyingine yoyote ya Mississippi, makaburi ya askari kule kilimani, na mnara wa maji uliochorwa nyanya. Kisha huuliza wale wapi. Hapo sote tunaonyesha kidole upande wa reli.

Bi Ozella alizaliwa mtaa wa chini, ng'ambo ya reli hiyo. Mama yake, Mama Lutie, aliwauzia abiria kuku wa kukaanga na pai za viazi vitamu kupitia madirisha ya treni. Sifa za kuku wake zilifika hadi mji wa Memphis, lakini yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuketi katika chumba cha mbele cha kusubiria. Watu weusi walikuwa na chumba chao cha nyuma, na katikati ulisimama ukuta wa matofali wenye kijilango cha wahudumu, chembamba kama kabati.

Treni zikaacha kusimama. Mji ulipoligeuza jengo kuwa mahali pa chakula cha mchana kwa wazee, Ozella aliajiriwa kuwa mpishi mkuu. Sheria zilikuwa zimebadilika zamani, lakini miguu ya watu ilikuwa bado haijapata habari. Weupe waliingia mbele, weusi nyuma, kila upande ukala na kurudi kwao. Hata Mama Lutie, ambaye bintiye ndiye aliyeshika funguo za jengo zima, alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango wa nyuma.

“Mama, njoo ukae huku mbele dirishani, kuna mwanga,” Ozella alimwambia.

“Mwanga nauona kutoka hapahapa,” mama akajibu, akaendelea kula.

Bi Ozella aliiomba kamati ya majengo ya kale iubomoe ukuta ule. Mwenyekiti, Bwana Clifton Haygood, mfamasia mstaafu, alikataa kwa adabu zake zote: ukuta ni wa asili, haugusiki. Bi Ozella alirudi jikoni akaanza kuzihesabu meza. Sisi tuliomjua hatukuipenda hesabu ile.

Jumatatu iliyofuata tulikuta kambare wa kukaanga, kunde na bamia vimepangwa chumba cha mbele, na mkate wa mahindi, sukuma wiki na pai vimepangwa cha nyuma. Aliyetaka mlo kamili ilimbidi apite kwenye kijilango. Watu walinung'unika. Mzee mmoja alikula kambare bila mkate wiki nzima kwa ukaidi tu, mpaka mkewe akamwambia aache utoto.

Halafu siku moja Bwana Haygood, sahani mkononi, alikutana katikati ya kijilango na Shemasi Roosevelt Pickens aliyekuwa akitokea chumba cha nyuma.

“Shemasi, rudi nyuma kidogo nipite.”

“Nirudi wapi, bwana? Foleni yote imenisukuma mgongoni. Rudi wewe.”

“Na mimi nyuma yangu nina mke wangu.”

“Hapo sasa nakuelewa,” alisema Shemasi. Akajaribu kujipinda apite kwa ubavu, na kambare mzima akateleza kutoka kwenye sahani ya Bwana Haygood akaangukia tai yake. Shemasi akaitazama ile tai, akasema taratibu, “Naona imekula kabla yako.”

Bwana Haygood ndiye aliyeanza kucheka. Walikaa meza ya karibu kufuta mafuta, na hawakuinuka mpaka tulipokuwa tunafagia. Kumbe kwa miaka mingi walikuwa wakivua samaki kwenye kona ileile ya mto, kila mmoja akidhani ni siri yake peke yake.

Katika mkutano wa kamati uliofuata, Bwana Haygood mwenyewe alipendekeza ukuta ubomolewe. Aliyesimama kupinga alikuwa Bi Ozella.

“Si wewe uliyeomba ubomolewe?” Bwana Haygood aliuliza.

“Ni mimi. Lakini juzi wamekuja watoto wa shule, mmoja akauliza kwa nini kuna vyumba viwili. Mwalimu wake akamjibu labda abiria walikuwa wengi. Ukuta ubaki, watoto wasije wakaambiwa haya hayakuwapo. Mimi nipeni mlango mpana, watu wawili wapite na sahani zao.”

Ndivyo ilivyofanywa. Siku mlango mpya ulipofunguliwa hakuna aliyemwambia Mama Lutie chochote. Aliinuka na mkongojo wake, akapita katikati ya ukuta polepole, akaketi dirishani. Akaumega mkate. “Umekauka,” alisema. Nilimkuta Bi Ozella jikoni ameegemea friji, analia huku anacheka, na nikajifanya nimekuja kuchukua chumvi.

Mengine mnayajua. Kimbunga kilipong'oa mapaa ya makanisa yetu mawili, yote mawili yalisali stesheni, na Bi Ozella akawalisha waumini pamoja na mafundi hadi paa la mwisho lilipopigiliwa. Mnajua pia habari ya meya aliyeomba sukari itiwe kwenye mkate wa mahindi, jambo ambalo huku kwetu ni kama kufuru. Hakuchaguliwa tena, ingawa Bi Ozella anakana kuhusika.

Jiko sasa linapokewa na Denisha Coe, ambaye amefundishwa naye, amegombezwa naye, na yuko tayari.

Jana nilimpelekea chakula Bi Verlene Sudduth, ambaye hajatoka nje tangu avunjike nyonga. Nilipomweleza kuhusu sherehe ya Ijumaa ya kumuaga Bi Ozella, alisukuma sahani kando. “Ijumaa usiniletee chakula hapa,” aliniambia. “Nichukue mimi. Kanilishe kulekule.” Kabla sijashuka ngazi za nyumba ya nne, wengine watatu walikuwa wameshasema hivyohivyo. Kwa hiyo, Bi Ozella, Ijumaa gari langu halitabeba chakula. Litabeba watu.

Asante kwa kutulisha, na asante zaidi kwa kutuketisha pamoja. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na miaka mingi ya kula ulichopikiwa na wengine bila kuonja kwanza kama kina chumvi.