Asante Inayopewa Simu

Kwenye treni ya jioni, mjane mmoja aliwasikia wawili walioketi mbele yake. Msimamizi wa kompyuta za ofisi alikuwa akimlalamikia muuguzi asiyemfahamu. "Dada, mke wangu anaiuliza simu kila kitu, nayo inabahatisha tu, kisha anaiambia asante! Nikaifungia intaneti ya nyumbani, nikasingizia imeharibika."

"Makubwa! Kaka, unaionea wivu simu?"

"Tangu juzi ananiuliza mimi. Anauliza hata kama mvua itanyesha."

"Mfungulie leo. Akijua, utalala sebuleni."

"Nikimfungulia, ataongea na nani?"

Mjane, ambaye kwake hakubaki wa kuulizwa habari za mvua, alimwonea wivu huyo mke asiyemjua. Treni ikasimama. Mume akashuka haraka, akiyatazama mawingu asije akakosa jibu.