Siku Niliyojiita Mgeni

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wenzangu wa Masuguru, hamjambo? Nimeombwa niseme kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura unarudi, na humu ndani kuna wanaoogopa kwenda. Mimi niliogopa kuliko ninyi nyote.

Nilizaliwa Mnyuzi. Mama alikuwa Mzigua wa Sindeni. Baba alikuja kijana kutoka Msumbiji kukata mkonge, akabaki. Alikuwa na neno lake pale nyumbani: "Sisi hapa wageni, tuishi kwa adabu." Tukigombana na watoto wa jirani, tunyamaze, sisi wageni. Nimekua na neno hilo kama wengine wanavyokua na jina la utani.

Ulipokuja uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, nilikuwa bado naishi kule kule, mama ameshafariki, nami nina watoto wawili na hamu kubwa ya kupiga kura. Foleni ndefu, ukungu umelala juu ya mkonge, treni inalia mbali. Nimesimama nusu macho nusu usingizi, nasikia jina langu likiitwa na watu nisiowaona. Nikafika mezani. Karani akauliza, "Mama, wewe mwenyeji au mgeni?"

Ndugu zangu, nawaambia, mdomo ulijibu wenyewe. "Mgeni, ndugu yangu."

Akaweka kalamu chini. "Wageni hawaandikishwi. Ni raia tu."

Siku zilizofuata nilitembea kama miguu haigusi chini. Niliacha kusalimia watu. Natazama migomba niliyoipanda mwenyewe, naona ni ya mtu mwingine. Wewe mama wa mbele usicheke, nilifika mahali nikawauliza wanangu, "Hivi sisi kwetu wapi?" Niliumia sana.

Zimebaki siku mbili uandikishaji ufungwe, akaja bibi mkunga aliyemzalisha mama.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. "Nasikia umekuwa mgeni. Kitovu chako nilikizika kwa mikono hii, nyuma ya jiko la mama yako. Twende."

Akanishika mkono mpaka mezani. Karani akajitetea, "Bibi, kasema mwenyewe."

"Alikuwa anakuonyesha adabu. Muulize vizuri."

Akaniuliza vizuri. Nimezaliwa wapi? Mama yangu mtu wa wapi? Nimetimiza miaka kumi na minane? Nakaa hapa? Nikajibu moja moja, sauti yangu naisikia kama inatoka chumba cha pili. Akaandika. Nikapewa shahada yangu ya kupigia kura, wino bado mbichi, nikalia mbele ya watu.

Namshukuru bibi yule, ametangulia. Na karani pia namshukuru, alikubali kuuliza mara ya pili. Nanyi ambao wazazi wenu walikuja na mkonge, nawaomba, mkifika mezani ile adabu ya kujishusha iacheni kwenye foleni. Semeni mlizaliwa wapi, na nani.

Baba hakuandikishwa, hakuwa raia. Aliishika shahada yangu, akaigeuzageuza, akacheka peke yake. Tangu hapo kila nikienda Mnyuzi namkuta amesimama nje ya mlango alioupachika mwenyewe, ananisubiri.

"Mwenyeji," ananiambia, "nikaribishe basi."

Namkaribisha ndani.