Wadhamini Watatu wa Digrii

Benchi letu ni ubao mmoja wa mafundi ujenzi, umekaa juu ya matofali sita, nyuma ya jengo la ofisi ambalo viyoyozi vyake vinatudondoshea maji bila kuombwa. Kushoto kuna kibanda changu cha kutengeneza simu, kulia chumba cha Dada Pasi, dobi, na katikati anakaa Mzee Buli na jiko lake la kahawa. Mimi naitwa Chaja. Shule niliiacha mapema, kabla haijaniacha yenyewe, na mpaka leo sijaona simu iliyozima ikanishinda, isipokuwa ile iliyopikwa kwenye wali, na hiyo si kosa langu. Sheria ya benchi ni moja: jina la kuzaliwa linabaki nyumbani. Ukija nalo, kahawa haijapoa umeshapewa jingine. Ndivyo alivyopata lake Digrii, kijana anayesomea biashara hapo chuoni ng'ambo ya barabara. Yuko mwaka wa mwisho, na miaka mitatu yote amekuwa akinywa kahawa yetu na kutusahihisha.

Siku hiyo alifika saa nne na nusu, suti imembana mabega, tai mkononi, jasho linamtiririka.

— Wamepiga?

— Salamu kwanza, akasema Mzee Buli.

— Shikamoo, Mzee. Wamepiga?

— Marahaba. Nani?

Digrii akashika kichwa.

— Kampuni! Si niliwaeleza juzi?

Alitueleza kweli, ila juzi kulikuwa na ubishi wa mpira. Akaanza upya, polepole, kama anayeongea na wagonjwa. Chuoni kwao kuna Kitengo cha Ajira, chumba chenye zulia, na ndani yake dada mpole ambaye kazi yake ni kuwatafutia wanafunzi kazi kabla hawajavua majoho. Dada huyo kamuombea nafasi kwenye kampuni moja kubwa. Wasifu wake umepita. Kimebaki kitu kimoja: wadhamini. Watu watatu waliomwona akifanya kazi watapigiwa simu waseme ni mtu wa namna gani. Mwisho leo saa sita mchana. Wakisema vizuri, kesho anaingia kwenye usaili. Wakiharibu, nafasi inakwenda kwa mwenzake wa pili kwenye orodha.

— Na hao wadhamini ndio sisi? akauliza Dada Pasi, pasi ikiwa hewani.

— Sina wengine, dada. Nani mwingine aliyeniona nikifanya kazi?

Akatoa karatasi. Nikamnyang'anya nikasoma kwa sauti, maana kusoma najua, niliacha shule, sikuacha macho. Mzee Buli: Mkurugenzi Mtendaji, Huduma za Vinywaji. Dada Pasi: Mkuu wa Idara ya Mwonekano. Mimi: Mshauri Mwandamizi wa Teknolojia.

— Mwandamizi! nikasema. Hatimaye mtu kaona.

— Dada wa Kitengo alisema tuandike cheo kinacholingana na majukumu, akajitetea Digrii.

— Hicho kitengo nakipenda, nikasema. Miaka mitatu wanakufundisha kuwa bosi, mwezi wa mwisho wanakufundisha kumpa bosi mkono.

— Chaja, usinitanie leo. Simu ikilia mtajibu vipi?

— Tulia, mdogo wangu. Mimi sibabaishwi na simu. Leo asubuhi tu kuna mwanamke kanipigia, sauti laini kama tangazo la benki, ananiuliza kama namfahamu bwana fulani wa majina matatu. Nikamwambia, dada, huyo ni tapeli na wewe ni mwenzake. Nikakata.

— Safi sana, akasema Mzee Buli. Ukiwachekea wanakuhamia.

Hapo mkutano ukaanza. Mzee Buli alisema simu isipokelewe haraka. Mkurugenzi anayepokea mlio wa kwanza hana kazi. Tuiache ilie mara saba.

— Mara saba watakata, akasema Digrii.

— Wakikata watajua tuna shughuli nyingi.

Dada Pasi akakataa. Mkurugenzi hapokei mwenyewe, ana karani. Yeye atakuwa karani wa Mzee Buli, na mimi karani wake yeye.

— Na karani wangu mimi? nikauliza.

— Wewe mshauri. Mshauri hukaa kwenye gari.

Nikaona mambo yanalegea, nikaingia na utaalamu. Nikaleta kibodi mbovu ya kompyuta kutoka kibandani, nikaiweka magotini nikaanza kuigonga. Ofisi bila kelele si ofisi. Wakati mmoja anaongea, mwingine agonge kibodi, na Dada Pasi apulizie mvuke wa pasi, usikike kama mashine ya kuchapa nyaraka.

— Mvuke unasikika kama nyoka, akasema Digrii.

— Nyoka wa ofisini.

Akacheka kidogo, kwa kulazimishwa. Tukaona tumpeleke mbele zaidi, kwenye usaili wenyewe. Tukamfunga tai, nikamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa.

— Tueleze udhaifu wako.

Akanyoosha mgongo kama alivyofundishwa na yule dada wa kwenye zulia.

— Udhaifu wangu ni kwamba nikianza kazi sijui kupumzika.

Dada Pasi akacheka mpaka akashika meza.

— Huyu huyu anayekuja kulala hapa kila Jumatatu saa nne?

— Acheni, akasema Mzee Buli. Sikilizeni siri. Kwenye kampuni kubwa, bosi mwenyewe anajifanya mfagiaji, anakaa kwenye korido anaangalia nani anamsalimia. Ukifika, mwone mfagiaji, inama, sema shikamoo mkurugenzi.

— Na kama ni mfagiaji kweli? nikauliza.

— Atakuwa amempandisha cheo. Kuna ubaya gani?

— Na kiti watakachokupa, akasema Dada Pasi, kina mguu mfupi makusudi. Ukiyumba, umefeli.

— Na maji mezani usiyanywe, nikasema. Yanapimwa. Wanajua umekunywa kiasi gani na ulikuwa na hofu kiasi gani. Wanayo mashine.

Digrii hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anatazama simu zetu tatu tulizozipanga kwenye ubao. Saa tano na robo. Hakuna iliyolia.

— Nyinyi mnacheka, akasema taratibu. Mama ameshaniambia nikikosa hii nirudi nikae dukani kwa mjomba. Mjomba hataki hata nipange rafu. Anataka nikae tu mlangoni, nionekane nimesoma.

Kibodi nikaiacha. Mjomba wake tunamfahamu kwa simulizi zake, na hazikuwa za kuchekesha.

Wakati huo alikuwa amefika mteja wa Dada Pasi, mwalimu wa kike wa shule ya msingi, amefuata gauni lake. Alikuwa amesimama pembeni na kikombe, anatusikiliza jinsi unavyosikiliza darasa lenye kelele.

— Samahani, akasema. Hao wakipiga, watamtaja kwa jina gani?

— Digrii! tukajibu wote.

— Ndilo liko kwenye cheti?

Kiyoyozi kikadondosha tone kwenye bega langu. Mzee Buli akamgeukia kijana, taratibu.

— Mwanangu, hivi wewe unaitwa nani?

Digrii akataja majina matatu: la kwake, la baba, la babu.

Nilikuwa nimeshayasikia. Saa tatu na robo, kwa sauti laini kama tangazo la benki.

— Mungu wangu, akasema Dada Pasi, akakaa. Na mimi alinipigia. Nilidhani anamuulizia yule mteja aliyetelekeza mashuka hapa miezi miwili. Nikamwambia huyo ni mtu asiye na shukrani.

Sote tukamtazama Mzee Buli. Alikuwa anasugua birika lililokuwa safi.

— Mimi nilimwambia amefariki.

— Mzee!

— Nilikuwa na jirani wa jina hilo! Nikampa na pole.

Digrii akaanza kulegeza tai, na hapo ndipo moyo uliponiuma, maana ile tai tulimfunga sisi. Nikachukua simu, nikaipiga ile namba, nikaweka sauti ya juu wote wasikie.

— Dada, habari za tangu asubuhi. Ni yule mshauri mwandamizi.

— Aliyeniita tapeli?

— Makosa ya kiufundi, dada. Kijana yupo. Ni mzima, tuko naye hapa. Tunamfahamu vizuri sana, miaka mitatu kila siku.

— Miaka mitatu. Na jina lake mmelijua lini?

Nikamtazama Dada Pasi. Dada Pasi akaitazama pasi. Mwalimu akanywa kahawa yake.

Mzee Buli akaisogelea simu mpaka ndevu zikaigusa, akapaza sauti kama anamwita mtu wa mtaa wa pili.

— Binti, jina sikulijua, hilo kosa langu. Lakini nilikuwa nauza kahawa geti la mbele, watu wanapita mbio, narudi nyumbani na birika zima. Huyu kijana alikaa pale wiki mbili, jua kali, anahesabu vichwa kwenye daftari. Hakuna aliyemtuma. Akaniambia, Mzee, hamia nyuma, ndiko wanakotokea kupumzika. Nikahama. Sasa hivi ni saa tano na nusu, na birika langu liko tupu. Njoo ulitingishe mwenyewe.

Upande wa pili kalamu ikasikika ikikwaruza karatasi.

— Hilo nimeandika, akasema yule dada wa kampuni. Aje kesho saa mbili kamili. Aje na kitambulisho. Na nawaomba sana, aje peke yake.

Akakata. Digrii akamkumbatia Mzee Buli, na suti ikapasuka kwapani. Dada Pasi akaanza kutafuta sindano huku akitukana kampuni zinazobagua wadhamini.

Mwalimu akarudisha kikombe, akanigeukia.

— Na wewe, fundi, unaitwa nani?

Benchi zima likainamia kwangu. Nikakumbuka kuna simu ya mteja kibandani, ya haraka sana.