Mbaabu na Mashine Iliyoitwa Muthara

Bw. Stanley Mbaabu anatuaga Ijumaa hii, tarehe 30 Julai 1999, baada ya miaka ishirini na minane katika kituo chetu cha mbegu hapa Manyatta, Embu. Alikuja akiwa karani kijana kutoka Muthara, kule Tigania, na sanduku la bati na koti zito ambalo sisi wenyeji tulilicheka mpaka baridi ya Julai ilipotufunga midomo. Koti hilo bado analo.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufuatilia ni mbegu gani iliyoota vizuri kwenye joto la Mbeere na ni gani iliyokauka mapema. Mwaka 1991 kazi hiyo ilihamishiwa kwenye kompyuta ya Unix, iliyowekwa katika kichumba kilichokuwa stoo ya magunia. Fundi aliyeileta alitaka mashine ipewe jina. Sisi wengine tukiwa bado tunatafuta jina la heshima, Mbaabu alisema, bila hata kufikiri, Muthara. Tangu hapo skrini hutupokea kwa neno hilo kila asubuhi kabla hatujaandika majina yetu, na watu ambao hawajawahi kukanyaga Tigania wameingia Muthara mara nyingi kuliko walivyoingia kanisani.

Aliisoma mashine ile polepole, kama mtu anayejifunza tabia za ng'ombe mgeni. Ikikwama, hakurukia kibodi. Alibadilisha kitu kimoja tu, akajaribu, akatazama nje ya dirisha, ndipo akabadilisha kingine. Siku za kujenga upya kiini cha mfumo, ile programu kuu inayoendesha mashine yote, zilikuwa nzuri kuliko zote. Kazi hiyo ilichukua mchana mzima, mistari ya maandishi ikipanda kwenye skrini bila haraka, ukungu ukishuka juu ya majani chai kule nje, na Mbaabu katikati, macho nusu yamefumba, hujui kama yuko Embu au ameshafika kwao. Waliopita na faili mikononi walisimama mlangoni wakasahau walikokuwa wakienda. Hata meneja wetu, Bw. Njagi, ambaye hapendi kumwona mtu amesimama bure, naye alisimama.

Lakini kulikuwa na jambo lililomuuma. Mkewe, Bi. Gatwiri, alibaki Muthara na watoto na shamba, akimwona mumewe mwisho wa mwezi. Mbaabu alimwahidi kwamba akifika hamsini angestaafu mapema. Akafika hamsini, na hakwenda. Sababu ilikuwa moja: stima ikipotea na kurudi siku ya baridi, mashine haikuamka kwa mtu mwingine. Karimi, msaidizi wake, alifuata hatua zilezile na kuandika amri zilezile, lakini mashine ilimwambia haioni diski ya pili, ile yenye kumbukumbu zote za mbegu. Akija Mbaabu, inaamka. Tukasema imempenda. Mwaka huu Bw. Njagi akaanza kutaja mkataba mpya wa kumbakiza hata baada ya kustaafu, na Bi. Gatwiri, tunavyosikia, aliacha kuuliza mumewe atarudi lini.

Mambo yaligeuka mwezi Juni, kwa ajili ya chupa ya chai. Mbaabu alikuwa na desturi yake. Stima ikipotea, alijifungia kwenye kile kichumba, akawasha jiko la mafuta kinyume cha kanuni zote za kituo, na kuchemsha chai ya maziwa na tangawizi huku akingoja. Sisi wengine tulikwenda kuota jua, kama lipo. Siku hiyo Karimi alimwonea huruma, akamletea chai ya moto ndani ya thamosi. Jiko halikuwashwa. Stima iliporudi, mashine ikamkataa Mbaabu mwenyewe. Aliketi, na sisi tuliomwona tuliumia. Kisha akaitazama thamosi. Akalitazama jiko. Akacheka mpaka akavua koti.

Kumbe diski ile ilikuwa imezeeka, na kwenye baridi ilichelewa kushika mwendo. Draiva, yaani programu ndogo inayozungumza na diski kwa niaba ya mfumo, iliisubiri kidogo tu kisha ikakata tamaa. Miaka yote hiyo, mapenzi ya mashine yalikuwa joto la jiko. Mbaabu alifungua faili la mipangilio, akabadilisha kitu kimoja, yaani muda wa kusubiri, akakijenga kiini upya. Mistari ilipokuwa ikipanda alijua vizuri kwamba anajitoa mahali ambapo watu walimhitaji kuliko mtu yeyote. Hakusita, ingawa alikuwa amelivaa tena lile koti.

Bado ilibidi ijaribiwe bila yeye. Mapema mwezi huu, ukungu ukiwa umetulalia, alikwenda kwao makusudi. Stima, ambayo haijawahi kutuangusha katika kupotea, ikapotea. Ilipowaka, Karimi aliiwasha mashine katika chumba baridi, akangoja pamoja na diski, kisha akapiga simu kwenye duka la Muthara ambako Mbaabu alikuwa amekaa tangu asubuhi.

"Mzee, imeamka! Na jiko haijawashwa hata!"

Halafu sisi sote tuliobanana kwenye ile simu tukamsikia: "Sawa. Sasa naweza rudi home." Na kabla hajaweka simu chini, tukamsikia akimwita Gatwiri.

Mzee Mbaabu, asante kwa mbegu, kwa subira, na kwa chai uliyotugawia kinyume cha kanuni. Tutakukosa sana. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, ng'ombe wenye maziwa, na jioni ndefu na mwenzako aliyekungoja. Karimi ameomba jina la mashine lisibadilishwe, na Bw. Njagi amekubali. Jumatatu sisi tutaingia Muthara kama kawaida, na wewe utakuwa huko kweli. Ukisikia stima imepotea Manyatta, usishtuke. Washa jiko, uchemshe chai ya watu wawili.